Ng'ombe Aliyefungwa Nyuma ya Jiko

Kaka yangu aliniita kupe mbele ya kikao cha ukoo, na hakuna aliyemkanya. Baba wadogo walitazama chini, mmoja akakohoa, na mama, aliyekuwa amebeba sinia la chai, akasimama mlangoni kama mtu aliyesahau chai yenyewe ni ya nani. Nilikuwa na wiki tatu tu tangu nirudi nyumbani Butiama kutoka Bunda, nilikokuwa nimeolewa. Nilirudi na mabegi mawili na mtamba mmoja wa rangi ya majivu. Mtamba huyo mama alinipa siku naolewa, jina la mtamba likamganda hata alipokua, na siku naondoka kwa mume nilimfungua kamba kwa mkono wangu, nikasema huyu hakuwa mahari, huyu alikuja na mimi na anaondoka na mimi.

"Kurudi nyumbani si kosa," kaka alisema. Baba alishafariki, kwa hiyo boma lilikuwa la kaka na neno lilikuwa la kaka. "Lakini hapa kila mtu anakula jasho lake. Mimi silishi kupe."

Msiotoka kwetu mnaweza kuona ni tusi la kawaida. Si la kawaida. Sisi neno hilo tulikuzwa nalo. Shuleni tulichora kupe mwenye tumbo kubwa amekaa mgongoni kwa mkulima, na mwalimu akiuliza "Huyu ni nani?" darasa zima lilijibu "Mnyonyaji!" mpaka vumbi likadondoka kwenye mabati. Ukimwita mtu mwizi Butiama mtagombana, kesho mtapatana. Ukimwita kupe umemwambia kwamba hata akifa leo, hakuna kazi itakayolala.

Sikumjibu. Siku hizo nilikuwaga mtu wa kunyamaza, nasema hivi ili msinidhanie shujaa wa kuzaliwa. Ndani ya begi langu moja kulikuwa na cheti cha diploma ya maabara ya mifugo. Mume wangu alikifungia kabatini miaka sita, kwa sababu, alisema, mke wa mfanyabiashara wa pamba hawezi kushinda ananusa kinyesi cha ng'ombe. Niliondoka nacho. Usiku wa kikao sikulia. Nilikitoa, nikalisoma jina langu, nikakirudisha.

Mungu naye ana utani wake. Baada ya miezi kadhaa ya kulima muhogo wa mama na kutuma barua za maombi, nikaitwa Musoma, kwenye maabara moja ndogo ya mifugo iliyokuwa imepata mradi. Daktari wa mradi, mama mmoja wa makamo mwenye Kiswahili cha pwani, akanikalisha na kuniuliza kama najua kazi yenyewe ni ipi. Nikasema sijui. Akasema, "Utakuwa unafuga kupe."

Nilicheka. Nilicheka mpaka machozi, mpaka akaniuliza kama nina homa.

Haikuwa kufuga kupe wazima wanaotembea. Ilikuwa kukuza seli zao, vile vipande vidogo kabisa vya mwili, ndani ya vichupa vya kioo. Dokta alinieleza taratibu na mimi nawaeleza vilevile. Kuna ugonjwa unaitwa ndigana baridi. Kupe huuleta, na ng'ombe akiupata hukonda, kinyesi chake hukauka kama jiwe, ufizi hugeuka mweupe kisha manjano. Kijidudu chake hakikui kwenye mchuzi mtupu. Kinataka kuingia ndani ya seli iliyo hai. Zamani aliyetaka kukipata ili atengeneze chanjo ilibidi ampe ndama ugonjwa makusudi, kila mara ndama mwingine. Lakini ukiwa na seli za kupe zinazoishi kwenye chupa, unakikuza humo, hakuna ndama anayeteseka. Basi kazi yetu ilikuwa kujenga nyumba, na mpangaji angekuja baadaye.

"Tunahitaji majike walioshiba," dokta akasema. "Wale wa bluu, wanene kama punje ya maharage. Wanataga mayai, tunayasafisha, tunayaponda, tunayapa chakula, tunangoja. Nyumbani kwenu kuna ng'ombe?"

Nikapiga simu kwa mama. Nikamwambia, na maneno yangu nayakumbuka moja moja kwa sababu yaliniponza: "Mama, keshokutwa nakuja na dokta wangu. Tunakuja kuangalia kupe wa ng'ombe wenu."

Wewe mwenye mama wa kwetu umeshajua kilichotokea. Mimi ndiye nilipaswa kujua, na sikujua. Mgeni anakuja, tena daktari, tena anakuja kukagua kupe! Mama aliisikia aibu kabla mgeni hajafika. Alimwamsha kaka alfajiri, pampu ikajazwa dawa, ng'ombe wote wakaogeshwa kuanzia pembe mpaka mkia. Tulipofika tuliwakuta wanang'aa, boma lote linanuka dawa, na mama kavaa kitenge cha kanisani, mikono kiunoni.

"Karibuni," akasema. "Dokta, tafuta. Ukimpata kupe hata mmoja hapa, niite muongo."

Dokta akanitazama. Mimi nikatazama viatu vyangu. Alipita kwa ng'ombe wa kwanza, wa pili, wa tatu, akafunua masikio, akainua mikia, akakuta kupe wamekauka wanadondoka kama makapi. Akaanza kucheka taratibu, mabega yakitikisika, na mama akadhani amefurahi. Akaanza kuagiza kuku akamatwe. Nikamvuta pembeni, nikamnong'oneza kwamba tulikuja kuwachukua hao kupe, si kuwakagua. Mama akaweka kiganja mdomoni.

"Yesu na Maria," akasema. "Nimeua wageni wenu."

Ndipo ng'ombe akalia. Sauti ilitoka nyuma ya jiko, upande wa majivu na maganda ya muhogo, mahali ambapo kwetu hapafungwi ng'ombe. Nilizijua pumzi zile. Nikazunguka jiko nikamkuta mtamba wangu wa majivu amefungwa kamba fupi kwenye mti wa uzio, mchafu, mbavu zinahesabika, na chini ya tumbo, kwenye kiwele, kati ya mapaja, kupe. Kupe kila mahali. Wanene, wa bluu, wanang'aa.

Kaka alikuwa amesimama nyuma yangu. Hakuona haya. "Dawa yangu haiwezi kuishia kwa ng'ombe wa mtu," alisema. "Na sikutaka mgeni amuone, nikamfunga huku. Mwenye ng'ombe aogeshe ng'ombe wake."

Hasira niliyoisikia ningeweza kuikamata kwa mkono. Nilikuwa nimeshafungua mdomo. Lakini dokta alikuwa amepiga magoti kwenye majivu na koti lake safi, ameshatoa kibano, anawachuma kupe mmoja mmoja na kuwatia kwenye kichupa kama mtu anayeokota lulu, na anasema, "Hawa! Hawa! Hawa ndio wenyewe!" Nikafunga mdomo, nikapiga magoti na mimi. Tulichuma mpaka kichupa kikajaa. Kuku tulikula. Mama alisali kabla ya kula, na katika sala akawaombea kupe. Sijawahi kusikia sala kama ile, wala padri wetu hajawahi.

Wale kupe walitaga. Mayai ya kupe yakiwa mengi yanaonekana kama sukari guru iliyosagwa, na yananata. Nilifundishwa kuyaosha kwa spiriti, kuyaponda kwa kijiti cha kioo, kuyagawa kwenye vichupa bapa na kuvimiminia chakula, maji ya rangi ya waridi yenye sukari, chumvi na majimaji ya damu ya ndama. Vikawa vichupa kumi na viwili. Vikafungwa vizibo na kulazwa kwenye inkubeta, kabati la joto ambalo kila mtu pale maabara aliligombea. Dokta alikaa nami majuma sita, kisha mradi ukamwita kwingine. Siku anaondoka hakunipa kitabu. Aliniambia tu, "Kupe hana haraka. Anaweza kukaa kwenye jani mwaka mzima anamsubiri ng'ombe apite. Seli zake ni hivyo hivyo. Jumatatu badilisha nusu ya chakula, usitikise, funga. Ukiona hazikui, kanywe chai. Ukirudi hazijakua, kanywe chai nyingine."

Hiyo ndiyo sheria ya kazi, na hakuna sheria ngumu kama hiyo. Watu wa kwetu tumezoea kazi inayoonekana. Ukilima, shamba linaonekana limelimwa. Ukirudi kutoka ziwani, sato anaonekana. Mimi nilikuwa nashinda naangalia maji yasiyobadilika, na wenzangu wakipita mlangoni wananiimbia, "Mfuga kupe, mifugo haijambo?" Nilijibu haijambo, inawasalimu.

Haikuwa haijambo. Mwezi wa pili vichupa vinane viliota ukungu, nywele nyeupe ndani ya maji, nikavimwaga kimoja baada ya kingine kama mtu anayezika. Vikabaki vinne. Nikaogopa. Na kwa kuogopa nikafanya jambo ambalo mpaka leo sijalisamehe.

Nilimpigia mama simu nikamwambia, "Ng'ombe wangu asiogeshwe. Nahitaji kupe wengine."

"Mwanangu," mama akasema, "nilikuwa nimemwomba jirani pampu. Ng'ombe huyu ataisha."

"Wiki chache tu, mama. Mvumilie."

Yaani kaka alimnyima dawa kwa roho mbaya, na mimi nikamnyima kwa elimu. Nilikwenda mara mbili kuchuma kupe, na mara zote mbili nilimpapasa mtamba wangu mgongoni nikamwambia vumilia, kama vile mateso yale tulikuwa tunayabeba wote wawili. Mara ya tatu mama ndiye aliyenipigia simu. Ng'ombe hali majani. Nikachukua sindano na dawa nikapanda gari la asubuhi kwenda Butiama, nikamkuta amelala palepale nyuma ya jiko. Nilifunua ufizi. Ulikuwa wa manjano. Mimi, mwenye diploma, niliyekuwa najua dalili zote kwa mpangilio, nilimchoma sindano nikijua nimechelewa, na jioni akafa kichwa chake kikiwa kwenye paja langu.

Kaka alikuja akasimama. Alikuwa na haki ya kusema kitu, na akakisema.

"Kupe amemaliza ng'ombe wake mwenyewe."

Neno lenyewe lilikuwa kweli. Na ili lizidi kuuma, kupe wale wa mara zile mbili, wale niliowanunua kwa uhai wake, mayai yao yote yaliota ukungu. Sikupata hata kichupa kimoja. Kilichobaki duniani kutoka kwa ng'ombe wangu kilikuwa vile vichupa vinne vya kwanza, vya kupe waliochumwa siku ile mama alipoaibika. Damu yake ndiyo iliyowanenepesha. Nilirudi Musoma nikiwa nimeamua jambo moja tu: vichupa vile havifi. Ukungu usiviguse, mtu asiviguse, mimi mwenyewe nisiviguse ila Jumatatu.

Sasa niwaambie habari za mkuu wa maabara. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu wa seli za wanyama wa damu moto, na zile, ukizilisha leo, baada ya siku tatu nne zimejaa chupa zinaomba nafasi. Kwake yeye kitu kisichokua ndani ya wiki mbili kimekufa. Mwezi wa tano alifungua inkubeta, akanyanyua kichupa changu kimoja kwenye mwanga, akakitikisa. Akakitikisa!

"Dada," akasema, "hizi umezifuga au umezihifadhi?"

"Zinaishi, mkuu."

"Zinaishi wapi? Miezi mitano! Mimi nina seli zangu zinakuja kutoka Mwanza wiki ijayo, nahitaji shelfu hiyo. Mradi wenyewe dokta kashaondoka. Tusidanganyane."

"Dokta alisema zinaweza kuchukua mwaka."

"Dokta hayupo. Mimi nipo."

Siku ya pili nikakuta karatasi mezani kwangu, ina mhuri na saini. *Vichupa vya seli za kupe viondolewe kwenye inkubeta kabla ya Ijumaa.* Niliisoma mara nyingi kuliko nilivyowahi kusoma barua yoyote ya mume. Wenzangu waliacha kuimba. Mmoja akaniambia kwa wema kabisa, "Achana nazo, utapangiwa kazi ya kinyesi na damu, kazi ya kueleweka." Nikafikiria kwenda kumlilia mkuu. Nikafikiria kumpigia dokta, nikampigia, simu ikawa haipatikani. Nikakumbuka kikao cha ukoo, mimi nimekaa kimya, na chai ya mama inapoa mlangoni. Nikasema, hapana. Safari hii hapana.

Nikaisoma karatasi tena. Ilisema *viondolewe*. Haikusema vimwagwe, haikusema vichomwe. Na *kwenye inkubeta*. Basi!

Kwenye ofisi yetu ya stoo kulikuwa na kopo kubwa la biskuti, la bati, lenye picha ya maua. Nililiosha kwa spiriti, nikatandika pamba, nikalaza vichupa vyangu vinne, nikalifunika kwa kifuniko. Nikaliweka kwenye kabati la meza yangu, humohumo maabara, kwa kuwa vitu vile havitoki nje na mimi si mhuni. Joto? Musoma ina joto lake. Seli za kupe hazitaki joto la mwili wa ng'ombe, zinatosheka na joto la chumba kilichofungwa madirisha, na mimi madirisha yangu niliyafunga nikatoka jasho pamoja nazo. Juu ya kopo nikabandika karatasi: MALI YA MFUGA KUPE. Yeyote aliyedhani ni biskuti alidhani kwa hiari yake.

Ijumaa nilimwandikia mkuu kwa mwandiko mzuri: *Viliondolewa kama ulivyoagiza.* Akasaini, akanipongeza kwa utii.

Kila Jumatatu asubuhi nilichukua vichupa vyangu, nikakaa mbele ya kabati la hewa iliyochujwa, lisiloingiza ukungu, kabla wengine hawajafika, nikabadilisha nusu ya chakula. Nilitumia masalio ya chakula cha seli za mkuu, ambayo vinginevyo yangemwagwa. Kichupa kimoja kilikufa. Cha pili kikapauka, nikakitoa. Nikabaki na viwili. Nilienda kunywa chai. Naapa, mwaka ule nilikunywa chai ya maisha yangu yote. Mama akipiga simu alikuwa ananiuliza, "Wale wajukuu wangu vipi?" na mimi nilikuwa namjibu wamelala.

Kisha transfoma ikaungua. Mtaa mzima ulikaa gizani, leo, kesho, keshokutwa. Jenereta la maabara lilinguruma siku ya kwanza likakata roho siku ya pili, na fundi akasema kipuri kinatoka Mwanza, na Mwanza ikasema hakipo. Inkubeta ikapoa. Mkuu alizunguka korido na simu mkononi akiwafokea watu wa umeme ambao hawakumpokea. Umeme uliporudi alikwenda mbio kwenye shelfu yake. Chupa zake zote zilikuwa zimegeuka njano na ukungu, seli zimeng'oka chini zinaelea kama uji uliokatika. Alikaa kwenye kiti akavua miwani. Mimi nilimhurumia, kweli nilimhurumia, kwa maana najua inavyouma.

Ilikuwa Jumatatu. Nikafungua kopo la biskuti.

Kichupa cha kwanza nilikiweka chini ya hadubini nikaona yale niliyoyazoea, seli chache za duara zimetulia. Nikaweka cha pili. Nikadhani nimeharibu lensi. Nikafuta lensi. Nikaangalia tena. Zilikuwa zimejaa. Zilikuwa zimeshikana mashada mashada, zimetapakaa chini ya kioo kama watu kwenye mnada, kubwa kwa ndogo, na nyingine zinajigawa palepale mbele ya macho yangu. Siku zile za giza wakati kila mtu analia umeme, zenyewe zilikuwa zinazaana.

Nilipiga vigelegele. Peke yangu, kwenye maabara ya serikali, saa mbili asubuhi. Watu wakaja mbio wakidhani nimeungua. Mkuu akaja nyuma yao. Nikanyanyuka kwenye kiti nikamwonyesha kwa mkono aketi. Akainama. Akakisogeza kichupa huku na huku.

"Zilikuwa wapi hizi?" akauliza bila kuinua kichwa.

"Kwenye kopo la biskuti, mkuu."

"Nilisema ziondolewe."

"Ziliondolewa, mkuu. Umesaini."

Mtu akacheka huko nyuma, na mkuu mwenyewe mabega yakaanza kutikisika. Akasema nizirudishe kwenye inkubeta leo hii, shelfu ni yangu. Nikamwambia asante, zimezoea kopo. Nilijua naringa. Nilikuwa na haki ya kuringa.

Baadaye nilizigawa, kichupa kimoja kikazaa viwili, viwili vikazaa vinne, zikatulia, na dokta alipopatikana kwenye simu alipiga kelele kuliko mimi. Akasema sasa ni lazima ziandikishwe kwa jina, maana zitasafiri kwenda maabara nyingine na kila atakayezitumia ataandika jina hilo. Mkuu alitaka herufi za maabara na namba. Nikakataa. Akasema nipendekeze basi, nikapendekeza, akasema watu watatucheka. Nikasema wacheke, mimi nimechekwa na nipo. Kwenye daftari kubwa nikaandika kwa wino: *NYJ. Nyuma ya Jiko.*

Chanjo bado. Nalisema wazi kwa sababu watu wa kwetu wakisikia maabara wanauliza chanjo iko wapi, kama vile ni maandazi. Kijidudu ndiyo kwanza kimeanza kukubali kukaa humo. Inaweza kuchukua miaka. Mimi nina chai.

Msimu uliopita, siku ya kupokea sampuli, nikiwa dirishani nimevaa koti, nikainua kichwa nikamwona kaka yangu kwenye foleni. Ameshika kichupa cha damu kimefungwa kwenye leso. Ng'ombe wake wawili walikuwa wamelala, na ofisa mifugo wa kata alimwambia apeleke damu Musoma. Hakujua ni mimi nitakayeipokea, au alijua, sijamuuliza mpaka leo. Aliniamkia kwa kichwa. Nikachukua damu, nikaipaka kwenye kioo, nikaipima. Ndigana baridi. Na kwa kuwa majibu yalikuwa yanaandikwa na mwenzangu, nikamwambia kaka, "Njoo ndani uone kitu."

Akainama kwenye hadubini, mikono nyuma, kama mtoto aliyeambiwa asiguse.

"Hawa ndio kupe?"

"Ni seli zao."

"Ziko hai?"

"Ziko hai."

Akaangalia tena. "Zinamnyonya nani?"

Swali hilo nililingoja miaka, na yeye alikuwa ameliuliza kwa nia njema tu.

"Hazimnyonyi mtu," nikasema. "Nazilisha mimi. Kila Jumatatu, kwa mikono hii."

Akanyooka. Macho yake yakaenda kwenye lebo ya kichupa, kisha kwenye daftari lililokuwa wazi pembeni, na nikamwona anasoma kwa midomo, polepole, yale maneno matatu. Kamba ile fupi aliifunga yeye. Alijua pale ni wapi.

"Dada," akasema. Hakuwahi kuniita hivyo tangu nitoke Bunda. "Yule ng'ombe..."

"Alikufa. Wewe ulimnyima dawa, na mimi nikamnyima dawa. Tulimuua wote wawili, kaka. Lakini mimi nimemwandika."

Nilimweleza sindano za ng'ombe wake, ngapi na kwa siku ngapi, na kwamba akifika aogeshe wote, asimbague hata mmoja. Aliitikia kwa kichwa kila neno. Kisha nikamrudisha dirishani, nikamsogezea fomu ya kupokelea majibu, nikamwonyesha pa kusaini. Akasaini. Chini ya saini pana mstari unaosema *Nimepokea kutoka kwa*, na hapo akasimamisha kalamu.

"Hapa niandike nani?" akauliza.

"Andika kupe."

Akainua macho. Kalamu ilibaki hewani, na foleni nyuma yake ilikuwa imefika mpaka mlango wa nje.

"Andika, kaka," nikamwambia. "Watu wanasubiri."